Maji Katika Damu ya Mkimbiaji

Jasho ni kitu cha kawaida mno hata watu wachache hufikiri kuuliza latoka wapi. Mkulima hulifuta kwa kiganja akaendelea kulima. Hamali wa bandarini huliacha likauke mgongoni. Na mwanafunzi amalizapo mbio za maili moja huona fulana yake imelowa, akaenda zake kuoga. Lakini kila tone la jasho limetoka katika maji ya damu, na damu ikipungukiwa na maji, moyo hauwezi kufanya kazi yake kama ipasavyo. Kweli hii, ambayo mwalimu aweza kuieleza darasani kwa dakika chache, ilichukua zaidi ya miaka 350 kukamilika. Katika safari hiyo watu walipotea njia mara mbili. Kwanza waliamini ya kuwa mwanariadha hodari hanywi maji. Kisha wakaamini ya kuwa mwanariadha mwenye busara hunywa kadiri awezavyo. Imani zote mbili ziliwatia watu hatarini, na wengine walikufa. Insha hii yaeleza jinsi elimu hii ilivyopatikana, na kwa nini ilikawia kuwafikia waliokuwa wakiihitaji.

Twaanza katika mji wa Padua, nchini Italia, mwanzoni mwa karne ya 17. Daktari mmoja aitwaye Santorio Santorio, aliyezaliwa mwaka 1561, alitengeneza kiti kilichoning'inizwa katika mzani mkubwa. Kwa muda wa miaka kama 30 alipima uzito wake mwenyewe, chakula chake, kinywaji chake, na vyote vilivyotoka mwilini mwake. Akaona hesabu haipatani. Kati ya ratili 8 za chakula na kinywaji zilizoingia mwilini kwa siku moja, ratili kama 5 zilitoweka bila kuonekana; hazikuwamo katika mkojo wala katika choo. Alitambua kwamba zilitoka polepole kwa njia ya ngozi na pumzi, hata mtu akiwa ameketi kimya. Mwaka 1614 aliyatangaza hayo katika kitabu kidogo cha Kilatini. Santorio hakuwa na vyombo vya ajabu; alikuwa na mzani na subira. Lakini aliwafundisha wenzake jambo kubwa, nalo ni kwamba mwili ni kama duka: kiingiacho na kitokacho hapana budi vilingane, la sivyo duka litafilisika.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey, ambaye naye alisomea udaktari Padua, alithibitisha kwamba damu haikai mahali pamoja, bali husukumwa na moyo ikazunguka mwili mzima na kurudi. Ukiziweka pamoja habari hizi mbili, swali lajitokeza lenyewe. Ikiwa damu ni ile ile inayozunguka daima, na ikiwa mwili hupoteza maji daima, je, damu nayo hupungua? Na ikipungua, mtu atakuwaje? Jibu halikutoka kwa wakimbiaji. Lilitoka kwa wagonjwa.

Mwaka 1831 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Uingereza kwa njia ya bandari ya Sunderland. Daktari kijana wa miaka 22, William Brooke O'Shaughnessy, mzaliwa wa Ireland, alikwenda kuutazama. Aliona wagonjwa waliotapika na kuhara hata macho yakadidimia na ngozi ikawa ya baridi. Alipoichunguza damu yao aliikuta nzito na nyeusi, nayo imepoteza maji yake mengi na chumvi zake. Mwezi wa Mei mwaka 1832, Daktari Thomas Latta wa Leith, karibu na Edinburgh, alitenda jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu: alitia maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa. Mtu aliyekuwa kama maiti alifumbua macho, mapigo ya moyo yakarudi, akasema. Wengi wao walikufa baadaye, kwa kuwa kuhara kuliendelea na vyombo havikuwa safi. Lakini wachache walipona. Ugonjwa huo haukuwa wa Ulaya peke yake. Mwaka 1869 na 1870 uliiangamiza Unguja na miji mingi ya pwani yetu, na Daktari James Christie, aliyekuwako Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu yake kilichotolewa mwaka 1876. Wakati huo tiba ya Latta ilikuwa imekwisha kusahauliwa na madaktari wengi, na miongo mingi ilipita kabla haijashika mizizi.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuyapime maji ya mwili kama Santorio alivyoupima mwili wake. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana maji kiasi cha lita 42. Maji hayo yamewekwa katika ghala tatu. Ghala kubwa ni chembe za mwili zenyewe, zenye lita kama 28. Ghala la pili ni nafasi zilizoko baina ya chembe hizo, zenye lita kama 11. Ghala la tatu, lililo dogo kuliko yote, ni majimaji ya damu yaitwayo plazima, nayo ni lita 3 tu. Ndani ya plazima hiyo huelea chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, pamoja na protini, sukari na chumvi. Mfaransa Claude Bernard, aliyefariki mwaka 1878, alifundisha kwamba mnyama aliyekamilika huishi katika mazingira mawili: yale ya nje, yenye jua na baridi, na yale ya ndani, yaani majimaji yanayozizunguka chembe zake. Alisema kwamba uhai wa mnyama huyo wategemea kuyaweka mazingira ya ndani katika hali moja isiyogeuka. Ghala dogo la lita 3 ndilo njia ya kwenda na kurudi baina ya ghala nyingine, na ndilo linaloujaza moyo kabla ya kila pigo. Kwa hiyo upungufu wake huonekana upesi.

Maarifa haya yalibaki hospitalini na vyuoni. Katika viwanja vya michezo watu walifuata mashauri mengine. Wakufunzi wengi wa wakati ule walisema kwamba maji humfanya mkimbiaji awe mzito, humtia kichomi, na kwamba kiu ni adui wa kushindwa kwa ushupavu. Tarehe 30 Agosti 1904, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika St. Louis, Marekani, watu 32 walianza mbio za marathoni mchana wa jua kali, katika barabara iliyojaa vumbi. Maji yalipatikana mahali pachache mno, na yasemekana kwamba mkuu wa maandalizi, James Sullivan, alitaka hasa kuona nini kitampata mtu akikimbia bila ya kunywa. Watu 14 tu ndio waliofika mwisho. Mshindi, Thomas Hicks, aliomba maji akanyimwa. Wasaidizi wake walimpangusa kinywa kwa sponji, wakampa strikinini, ambayo ni sumu, pamoja na ute wa yai na baadaye brandi. Alifika akiwa nusu hai. Miongoni mwa waliomaliza walikuwamo Waafrika wawili wa kabila la Watswana kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuwa wa 9 na wa 12. Hao ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki katika Olimpiki.

Miaka minne baadaye, London, mwaka 1908, Mwitalia Dorando Pietri aliingia uwanjani akiwa wa kwanza. Akageukia upande usio wake, akaanguka, akainuliwa, akaanguka tena. Mwishowe akavuka mstari kwa kusaidiwa, akanyimwa ushindi kwa sababu ya msaada huo. Watu walimpigia makofi kwa ushujaa wake. Wachache waliuliza kwa nini mtu mwenye nguvu kiasi kile hakujua tena njia iko wapi.

La kusikitisha zaidi lilitokea Stockholm tarehe 14 Julai 1912. Mreno Francisco Lázaro alikimbia marathoni siku ya joto kali. Habari za wakati ule zaeleza kwamba alikuwa amejipaka mafuta au nta mwilini ili ajikinge na jua. Jasho haliwezi kuupoza mwili isipokuwa likauke juu ya ngozi, na ngozi iliyozibwa haiwezi kulitoa vema. Alianguka karibu na kilomita ya 30, na kesho yake akafa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Santorio alikuwa ameonyesha kazi ya ngozi yapata miaka 300 kabla ya siku hiyo, lakini elimu yake ilikuwa bado haijafika katika mstari wa kuanzia mbio.

Wakati huo huo, watu wa kazi za sulubu walikuwa wakitoa somo jingine chini ya ardhi. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza yaliyokwenda chini sana, joto lilikuwa kali, na wachimbaji walitoka jasho lita kadhaa kwa zamu moja. Walikunywa maji mengi, na hata hivyo walishikwa na mikazo ya misuli yenye maumivu makubwa. Mwaka 1923 K. Neville Moss aliieleza sababu mbele ya wanasayansi wa London: wachimbaji walipoteza maji na chumvi pamoja, lakini walirudisha maji peke yake. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji yao, maumivu yalipungua. Hapo palikuwa na onyo lenye ncha mbili: kukosa maji ni hatari, na kujaza maji matupu katika mwili uliopoteza chumvi nako ni hatari. Lakini onyo la mchimbaji halikumfikia mkimbiaji.

Likawafikia wajenzi, baada ya watu kufa. Mwaka 1931 kazi ya kujenga Bwawa la Hoover ilianza katika bonde lenye joto kubwa la mto Colorado, nchini Marekani, na katika majira ya joto ya mwaka huo wafanyakazi zaidi ya kumi walikufa kwa joto. Mwaka 1932 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, miongoni mwao D. B. Dill, walikwenda huko kupima damu, jasho na mkojo wa wafanyakazi. Shauri lao lilikuwa jepesi: watu wanywe maji ya kutosha, na watie chumvi ya kutosha katika chakula chao. Tulikumbuke jina la Dill, maana tutakutana naye tena.

Vita Kuu ya Pili ilipopeleka majeshi jangwani, makamanda wengine walidhani kwamba askari aweza kuzoezwa kuishi kwa maji machache, kama ngamia. Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake waliyapima madai hayo katika majangwa ya Marekani, na mwaka 1947 walitoa kitabu. Waligundua kwamba mtu hazoei kukosa maji: aliyenyimwa maji aliendelea kutoka jasho, akachoka upesi, na moyo wake ukaenda mbio. Waligundua pia kwamba plazima hupungua kwa kadiri kubwa kuliko mwili mzima. Ghala dogo ndilo linalolipa kodi kubwa. Na jambo la tatu lilikuwa la ajabu: mtu mwenye maji tele mbele yake, akinywa kwa hiari yake wakati wa kazi, hakurudisha maji yote aliyoyatoa. Alibaki na deni, akalilipa alipokula chakula.

Sasa twaweza kueleza kwa ufupi linalotokea katika damu ya mtu anayejikaza kweli kweli. Anapoanza kukimbia kwa nguvu, moyo husukuma damu kwa kasi, na shinikizo katika mishipa midogo ya misuli huongezeka. Shinikizo hilo huyatoa maji ya plazima nje ya kuta za mishipa. Wakati huo huo misuli inayofanya kazi hutengeneza vitu kama asidi ya laktiki, navyo huyavuta maji kwake, kama vile chumvi iliyonyunyizwa juu ya kachumbari ivutavyo maji kutoka katika vitunguu. Kwa hiyo katika dakika chache za mwanzo, hata kabla ya jasho kutoka kwa wingi, plazima yaweza kupungua kwa sehemu moja ya kumi, na katika mazoezi makali mno hata zaidi ya hapo. Maji hayo hayakupotea; yamehamia kwa jirani. Mtu akipumzika, hurudi katika muda wa saa moja hivi.

Lakini mbio zikiendelea, jasho huja, na hilo ni hasara ya kweli. Katika joto, mkimbiaji aweza kutoka jasho lita 1 kwa saa, wengine lita 2 na zaidi. Misuli yadai damu ipate hewa. Ngozi nayo yadai damu ipate kutoa joto nje. Moyo hujikuta kama mzazi mwenye watoto wawili wenye njaa na mkate mmoja. Plazima ikiwa imepungua, damu inayorudi moyoni ni kidogo. Basi kila pigo husukuma damu kidogo, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili kufidia. Ikiwa hata hivyo haitoshi, ngozi hunyimwa sehemu yake, na joto la mwili hupanda. Hatua ya mwisho ni ile waliyoiona watu wa London mwaka 1908.

Mwili nao haukukaa bila walinzi. Jasho lina chumvi, lakini chumvi yake ni kidogo kuliko ya damu. Basi kadiri mtu anavyotoka jasho, plazima inayobaki huzidi kuwa na chumvi, nayo huvuta maji kutoka katika chembe ili kujiokoa. Ubongo huitambua chumvi hiyo. Mwaka 1947 E. B. Verney wa Cambridge alieleza, kwa majaribio aliyowafanyia mbwa, jinsi damu yenye chumvi nyingi inavyoufanya ubongo utoe homoni ya kuzizuia figo zisipoteze maji. Homoni nyingine, iitwayo aldosteroni, iliyotambuliwa mwaka 1953, huziamuru figo zishike chumvi. Na juu ya yote kuna kiu, ambayo ni tarishi wa damu mwenyewe.

Lakini kanuni za michezo zilimfungia tarishi huyo mlango. Kanuni za kimataifa za mwaka 1953 ziliruhusu vinywaji katika marathoni baada ya kilomita 15 tu, wala mkimbiaji hakuruhusiwa kunywa kitu kisichotolewa na waandalizi. Tarehe 7 Agosti 1954, mjini Vancouver, Mwingereza Jim Peters, aliyekuwa mkimbiaji wa marathoni mwenye kasi kuliko wote duniani, aliingia uwanjani akiwa amewaacha wenzake kwa dakika nyingi. Jua lilikuwa kali. Alianguka, akainuka, akaanguka tena na tena, asifike mwisho, akachukuliwa hospitali. Hakushindana tena maishani mwake. Mambo aliyoyaandika Adolph yalikuwa yametimiza miaka 7 katika maktaba.

Baada ya hapo mlango ulianza kufunguka. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida, Daktari Robert Cade aliulizwa kwa nini wachezaji wa mpira wa Kimarekani hupoteza ratili nyingi za uzito mchezoni wala hawaendi haja ndogo. Yeye na wenzake wakawatengenezea kinywaji cha maji, chumvi, sukari na maji ya limau, kilichokuja kuuzwa ulimwenguni kwa jina la Gatorade. Mwaka 1969 C. H. Wyndham na N. B. Strydom wa Afrika Kusini, waliokuwa wakichunguza joto katika machimbo ya dhahabu, walitangaza kwamba wakimbiaji wa maili 20 waliopoteza zaidi ya asilimia 3 ya uzito wao walikuwa na joto kubwa la mwili. Hatimaye somo la machimboni lilifika barabarani.

Kipimo chenyewe nacho kilirahisishwa. Tangu mwaka 1915 madaktari waliweza kuipima plazima kwa kutia rangi kidogo katika mshipa na kutazama jinsi ilivyochujuka, kama mtu awezavyo kukisia maji ya pipa kwa kutia rangi aliyoipima. Mwaka 1974 D. B. Dill, yule yule wa Bwawa la Hoover, akiwa sasa amepita umri wa miaka 80, pamoja na David Costill, walionyesha njia ya kuhesabu mabadiliko ya plazima kwa matone machache tu ya damu yaliyochukuliwa kabla ya zoezi na baada yake. Chembe nyekundu hazitoki nje ya mishipa. Basi zikionekana zimesongamana, maji ndiyo yaliyopungua.

Kwa njia kama hizi liligunduliwa jambo ambalo hakuna mkufunzi wa mwaka 1904 angeliota. Mazoezi makali huipunguza plazima kwa saa hiyo, lakini kesho yake huirudisha ikiwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Figo hushika chumvi na maji, protini huongezeka katika damu na kuyavuta maji ndani ya mishipa. Mwaka 1980 Victor Convertino na wenzake waliwaendesha watu 8 baiskeli za mazoezi saa 2 kila siku kwa siku 8. Plazima yao iliongezeka kwa asilimia 12 hivi. Hii ndiyo sababu mwanafunzi aliyekaa likizo bila ya kukimbia huhema katika juma la kwanza, na katika juma la pili akaona mambo yamelegea: moyo wake umepata maji ya kujaza kila pigo. Ndiyo sababu pia madaktari waliwakuta wakimbiaji hodari wana damu inayoonekana nyepesi, wakadhani wana upungufu wa damu. Mara nyingi chembe nyekundu hazikupungua. Maji ndiyo yaliyozidi. Lakini mazoea hayo hayamfanyi mtu kuwa ngamia. Akiba ikiongezeka, bado ni akiba, nayo huisha.

Ingalikuwa vema kama hadithi ingeishia hapo. Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka. Shauri la kunywa maji liligeuka kuwa amri ya kunywa bila kipimo. Mwaka 1985 Tim Noakes wa Cape Town na wenzake waliandika habari za wanariadha wanne walioshikwa na ugonjwa mzito katika mbio ndefu, si kwa kukosa maji, bali kwa kunywa mengi mno. Wakati wa mbio ile homoni ya ubongo yaweza kuzizuia figo zisitoe maji. Mtu akizidi kunywa, plazima huchujuka, chumvi yake hushuka, na maji huingia katika chembe za ubongo na kuzivimbisha. Hata hivyo, mwaka 1996 chama kikubwa cha madaktari wa michezo cha Marekani kiliwashauri wanariadha wanywe kiasi cha kufidia jasho lote, au kadiri tumbo litakavyostahimili. Watengenezaji wa vinywaji waliueneza ushauri wa aina hiyo kwa furaha. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002: kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu katika damu yao, na dalili kubwa ya kuwatambua ilikuwa kwamba walikuwa wameongezeka uzito njiani. Wako watu waliokufa kwa njia hiyo. Mwaka 2007 chama kile kilibadili ushauri wake, na mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kiongozi bora wa mkimbiaji ni kiu yake.

Mtu aweza kusema kwamba wakimbiaji wa nchi yetu walikwisha kulijua hilo. Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wakimbiaji mashuhuri 10 wa Kenya kwa siku 7. Ugali ndio uliokuwa chakula chao kikuu, na vinywaji vyao vilikuwa maji na chai ya maziwa, kila kimoja zaidi kidogo ya lita 1 kwa siku. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wakimbiaji kama hao, wakinywa wapendavyo, hurudi katika hali yao ya maji siku hata siku. Hawakuyakimbia maji wala hawakuyaabudu. Hata hivyo tusijivune upesi: hewa ya milimani asubuhi ni ya baridi, na aliyezoea Iten akija kushindana Mombasa saa sita mchana hana budi kuyahesabu maji yake upya.

Tukiitazama historia hii kwa jumla, twaona kwamba ujinga haukuwa sababu ya maafa yote. Mara nyingi elimu ilikuwapo, lakini ilikuwa katika nyumba ya pili. Daktari wa kipindupindu alijua habari za damu iliyokauka; mchimbaji alijua habari za chumvi; askari wa jangwani alijua kwamba kiu haizoeleki; na mkimbiaji, aliyeyahitaji yote matatu, hakuambiwa hata moja. Na alipoambiwa, aliambiwa nusu. Ushujaa wa Pietri na wa Peters ulikuwa wa kweli, lakini ushujaa si hoja. Mtu aweza kuvumilia jambo lisilo na faida yoyote, na uvumilivu wake usithibitishe lolote.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiambiwa katika siku ya michezo kwamba kunywa maji ni uoga, jua kwamba neno hilo lilikwisha kupimwa na kuonekana ni la uongo. Na ukiambiwa kwamba lazima unywe chupa baada ya chupa hata kama huna kiu, jua kwamba hilo nalo limepimwa. Mwenzako akianza kupepesuka, akisema maneno yasiyoeleweka, au akiacha kujua njia, usimpigie makofi. Msimamishe, mpeleke kivulini, mpoze mwili wake kwa maji ya baridi, na uite msaada upesi. Wala usimlazimishe kunywa. Santorio alikaa miaka 30 katika mzani ili ajue kiingiacho na kitokacho. Yeyote aliye na mzani shuleni kwake aweza kujipima kabla ya mbio na baada yake, akaiona kwa macho yake hesabu aliyoianza daktari yule wa Padua.